Mhakiki wa gemu na mtama wa watu

Mara tatu mwaka huu nimeulizwa swali lile lile na vijana wanaopenda kuandika: "Mwalimu, spoila kwa Kiswahili tuiiteje?" Linaonekana swali la msamiati, la kujibiwa kwa neno moja kila mtu akaenda zake. Lakini wote watatu hawakuwa wakitafsiri kitu. Walikuwa wakiandika mapitio ya gemu, hizi za kuchezwa kwenye kompyuta na PlayStation, na kila mmoja alikuwa amekwama mahali pamoja: niseme kinachotokea humo, au nisiseme?

Tuanze na neno lenyewe. Wamarekani walilitoa lao katika kitenzi cha kuharibu. Mwaka 1971 jarida la vichekesho la National Lampoon lilichapisha makala ya Doug Kenney iliyofichua kwa makusudi miisho ya filamu na riwaya mashuhuri, na makala hiyo ikapewa jina hilo hilo. Kwa mtazamo huo, anayefichua ni mharibifu, basi. Kiswahili hakikuona mambo kwa jicho hilo moja. Sisi husema fulani ametoboa siri, amepasua mbarika, au amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Hebu zitazame picha hizo. Kutoboa ni kutia tundu tu. Bado hatujajua kama ni kwa wema au kwa ubaya. Apasuaye mbarika mara nyingi husifiwa, kwa kuwa amesema waziwazi jambo ambalo wengine waliliogopa. Amwagaye mtama ndiye mwenye lawama. Na hata hivyo mtama wenyewe haukuharibika. Ungali mtama, ila umefikia midomo isiyokusudiwa, na haukusanyiki tena.

Kwa hiyo vijana wale nimewaambia waandike kitoboasiri wakitaka neno la kuvaa tai, na mtama wanapoandikiana wao kwa wao. "Tahadhari, mbele pana mtama." Hilo la pili wamelipenda zaidi, wala siwalaumu.

Ila jina halimalizi kesi. Wasomi wa fasihi tumezoea kuyapuuza malalamiko ya wanaochukia kutobolewa siri, na tuna sababu zetu. Hadhira ya fasihi simulizi haikwenda kwa mtambaji kutafuta mwisho. Aliyekaa kusikiliza utendi wa Fumo Liyongo, ule alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, alikwishajua tangu utotoni kwamba shujaa atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Alikwenda kusikia litakavyosemwa jambo analolijua. (Na kuna kinaya kitamu humo: Liyongo mwenyewe aliangamia kwa kumtobolea siri mtu asiyefaa kuijua.)

Darasani ndiko mambo yalikozidi. Mwanafunzi wa Kenya hujifunza uhakiki kupitia miongozo ya vitabu teule, na mwongozo huanza kwa kumwaga gunia zima: muhtasari wa kila sura, nani alikufa, nani alimwoa nani, kisha ndipo yaje maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Hata taharuki hufundishwa kama mbinu, mifano mitatu ikatolewa, baada ya mwanafunzi kuambiwa kila jibu ambalo taharuki hiyo ilikusudia kumcheleweshea. Simlaumu mwalimu, mtihani uko mlangoni. Lakini mtoto aliyelelewa hivyo, siku akiandika kuhusu gemu, ataanza na "Hadithi inaanza wakati..." na hatapumua mpaka afike mwisho.

Wapo pia wanaodai hakuna hasara yoyote. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ambamo watu walipewa hadithi fupi wasome, nyingine zikiwa zimetanguliwa na maelezo yanayofichua mwisho. Waliofichuliwa mwisho walielekea kuzipenda hadithi zaidi, zikiwemo hata za upelelezi. Utafiti huo ulipigiwa debe kila mahali. Mwaka 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum nao wakachapisha wa kwao, na kwao waliotobolewa siri ndio walioguswa kidogo na kufurahia kidogo. Sina haja ya kuamua ugomvi huo, maana pande zote mbili zilichunguza watu waliokuwa wakisoma. Hadithi ukiijua mwisho wake, bado itaendelea mbele yako ukurasa baada ya ukurasa. Gemu haiendi popote bila wewe. Wahenga walikwisha kusema uhondo wa ngoma uingie ucheze, na nadhani methali hiyo inatufikisha karibu na kiini kuliko tafiti zote mbili.

Nitoe mfano. Return of the Obra Dinn ni gemu aliyoiunda Lucas Pope na kuitoa mwaka 2018. Tuko mwaka 1807. Meli iliyodhaniwa kupotea baharini imerudi Uingereza, ndani yake hamna mtu hai, na wewe ni mkaguzi wa bima uliyetumwa na kampuni ya East India kwenda kuandika ripoti. Waliokuwa melini ni watu 60. Kazi yako ni kujaza daftari: huyu ni nani, alikufaje au alipotelea wapi, na kama aliuawa, ni nani aliyemuua. Una saa ya mfukoni inayokurudisha kwenye nukta ile ile mtu alipokata roho, kila kitu kikiwa kimeganda mbele yako. Yaliyobaki ni macho yako, masikio yako na uvumilivu wako.

Sasa mhakiki akimtaja baharia mmoja tu kwa jina, na namna alivyokufa, 60 zimekuwa 59. Hakupunguza taharuki peke yake. Amekula kipande cha gemu yenyewe. Hata akitaja aina ya ushahidi uliomsaidia kumtambua, kitu kidogo tu kinachoonekana pembeni ya picha, amekufanyia kazi ambayo ndiyo uliyoinunua. Kwetu anayeshindwa kutegua kitendawili hutoa mji. Huyu mhakiki ametega, akajitegulia mwenyewe, na bado anataka apewe mji.

Ndiyo maana nasema swali la "hili ni siri au si siri?" halitusaidii. Mambo mengi ya siri hayana uzito. Swali la kujiuliza ni hili: je, jambo hili mchezaji alitakiwa alifanye au aling'amue mwenyewe? Kama ndiyo, liache. Kama ni jambo analotendewa tu, mandhari, muziki, hata kifo cha fulani dakika ya kumi, mhakiki ana nafasi pana ya kuamua.

Outer Wilds, ya Mobius Digital, inaupima mstari huu vikali kuliko gemu yoyote niijuayo. Ilitolewa 2019 na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Wewe ni mwanaanga mchanga unayezuru sayari ndogondogo zilizolizunguka jua moja. Huna silaha. Hukusanyi nguvu wala pesa. Vifaa vyote unavyohitaji unakuwa navyo tangu safari ya kwanza, na kinachokuzuia kufika mwisho ni kutojua. Ukishajua, njia ilikuwa wazi siku zote. Na kila baada ya dakika 22 jua hulipuka, nawe unaanza upya.

Je, hapo nimemwaga mtama? Wapo mashabiki watakaosema ndiyo, hasa kwa hilo la dakika 22. Mimi nasema hapana, kwa kuwa ni jambo ambalo mchezaji atalikuta kabla chai yake haijapoa, na bila kulitaja siwezi kueleza gemu imejengwa vipi. Nimekueleza kufuli lilivyo. Ufunguo sijautoa. Mhakiki anaweza kulizungumzia kufuli kutwa kucha: lilivyosukwa, linavyokwaruza, kwa nini wengine hulikatia tamaa.

Mmoja wa vijana wangu alikuwa ameandika hivi kuhusu gemu hiyo hiyo: "Mwisho wake unashangaza sana, hutautarajia kamwe." Sentensi hiyo haina siri hata moja, nami niliikata kuliko nyingine zote. Ukimwambia mtu kuna mshangao mbele, umemkalisha chonjo. Kila mlango atakaoufungua atauliza, ndio huu? Nikamwuliza gemu ilimfanya nini yeye. Akaandika badala yake: "Kila nilichokigundua, nilikigundua kwa kukosea kwanza." Hiyo ni sentensi ya mhakiki. Inasema jinsi gemu inavyofanya kazi, na haimnyang'anyi mtu chochote.

Lakini kunyamaza nako kuna gharama, na hili halisemwi vya kutosha. Sharti nitaje mfano wenye siri nzito, kwa hiyo naonya: aya mbili zifuatazo zina mtama wa The Last of Us Part II. Asiyetaka aruke mpaka aone neno "Nimerudi".

Gemu hiyo ya studio ya Naughty Dog ilitolewa na Sony tarehe 19 Juni 2020. Mwishoni mwa Aprili video za ndani zilivuja, na watu wakajua kwamba Joel, shujaa wa gemu ya kwanza ya mwaka 2013, anauawa mapema kwa kipigo cha mwanamke aitwaye Abby, mbele ya macho ya Ellie, msichana aliyekuwa kwake kama binti. Wengi walikasirika kabla hawajaigusa. Siku ilipotoka, alama za watumiaji kwenye Metacritic ziliporomoka kwa muda wa saa chache, ilhali kuimaliza gemu yenyewe huchukua saa 20 na ushei. Walihukumu punje zilizomwagika, chakula hawajakionja.

Tena kifo cha Joel si ndilo jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba katikati ya safari ya kulipiza kisasi, gemu inakupokonya Ellie na kukukabidhi Abby. Kwa saa nyingi unamfunga vidonda na kumtetea mtu uliyekuwa ukimwinda, na vidole vinavyobonyeza ni vyako. Ubora wa gemu ile, au udhaifu wake, uko hapo. Kwa maoni yangu mwanzo wa sehemu ya Abby unaburuta miguu, na waandishi wanamtegemea mno mbwa mmoja na watoto wawili waliokimbia kwao ili kumlainisha mchezaji. Lakini pambano lile ambamo wewe, ukiwa Abby, unalazimika kumshambulia Ellie, ni tendo ambalo sijui riwaya ingelifanyaje. Nilitaka kukiweka kidude chini nisiendelee. Unaweza kukiweka, ndiyo, ila hadithi itakusubiri hapo hapo.

Nimerudi. Aliyeruka hajakosa hoja, kwa kuwa hoja yangu ni hii. Wahakiki waliopewa gemu hiyo mapema walipewa pamoja na masharti. Waliruhusiwa kuchapisha kuanzia Juni 12, wiki moja kabla ya kuuzwa, na walikatazwa kuzungumzia karibu nusu nzima ya pili. Baadhi yao walisema wazi ndani ya makala zao kwamba wamefungwa mikono. Basi msomaji akaletewa sifa bila sababu. Akaambiwa ni gemu jasiri. Jasiri wa kufanya nini? Akaambiwa inaumiza moyo. Pilipili nayo inaumiza. Uamuzi mkubwa kabisa wa kisanaa ndani ya gemu ile, ambao watu wangegawanyika juu yake miaka na miaka, haukuweza kutajwa wakati ule ule ambapo msomaji alikuwa akiamua kama atoe dola 60, zaidi ya shilingi 6,000 za wakati huo, au asitoe.

Hapo siri imebadilisha mwenyewe. Imeacha kuwa ya mchezaji, imekuwa ya muuzaji. Na si kisa cha pekee. Mwaka 2017 kampuni ya Atlus iliwaonya wachezaji wanaorusha michezo yao moja kwa moja wasipite tarehe fulani ndani ya Persona 5, la sivyo wangechukuliwa hatua. Kelele zilipozidi, ikalegeza masharti na kuomba radhi. Naelewa mtunzi anapotaka kulinda kazi yake. Ila mtunzi akishamwambia mhakiki azungumzie kurasa zipi, mhakiki huyo amekuwa mpiga debe kwenye stendi, hata kama matatu anayoijaza ni nzuri kweli.

Je, angefanyaje? Angepasua mbarika bila kumwaga mtama, na inawezekana. Angeweza kuandika kwamba gemu hii, ikifika katikati, inamdai mchezaji uvumilivu wa namna nyingine kabisa, na kwamba saa za kwanza baada ya hapo hazikumshawishi. Hakuna jina la mtu humo, hakuna tukio, na hukumu ipo. Kama masharti yanamzuia hata kusema hivyo, asubiri anunue nakala yake kama wengine, achapishe baadaye. Na kuna mambo ambayo usiri haupaswi kuyafunika hata kidogo. Mzazi akiuliza kama ndani ya gemu mnauawa mbwa, hatafuti taharuki, anatafuta jibu. Ajibiwe: ndiyo, wanauawa, na ni wewe unayewaua. Aliyefiwa juzi naye ana haki ya kujua kwamba gemu hii imejaa misiba.

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo huwa tunayachezesha kama pacha: mapitio na uhakiki. Ningependa tuyatenganishe. Mapitio yaandikwe kwa ajili ya ambaye hajacheza. Humo kufuli litajwe, ufunguo ubaki mfukoni. Uhakiki uandikwe kwa ajili ya aliyemaliza, au ambaye hajali, na humo pasiwe na kufichaficha. Huwezi kuhakiki kwa maana Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla bila kufika kwenye ufumbuzi, kwa sababu namna Bwana Msa anavyofumbua fumbo ndiyo inayobeba mvutano wa imani ya mizimu na matumizi ya akili. Anayehakiki riwaya hiyo huku akiogopa kumtaja mwenye hatia ameandika tangazo la duka la vitabu. Vivyo hivyo kwa gemu. Kinachotakiwa ni msomaji aambiwe mlangoni yuko katika chumba kipi.

Kuna na suala la muda. Wenzetu wa ng'ambo hubishana kama siri idumu wiki mbili au mwezi. Huku kwetu hesabu hiyo haina maana. Vijana wengi hawanunui gemu siku inayotoka. Wananunua diski iliyotumika, miaka mitatu baadaye, au wanaazima kwa binamu. (Vibanda vya mtaani ambako unalipia mechi moja moja ya kandanda havina tatizo hili, siri ya huko ni nani atalipa.) Ndani ya Final Fantasy VII ya mwaka 1997 kuna kifo kimoja ambacho kimetajwa na kutaniwa hadi kikachakaa. Sitasema ni cha nani. Gemu hiyo imetengenezwa upya, sehemu ya kwanza ikatoka 2020 na ya pili 2024, na wapo wanaoicheza leo ambao hawakuwa wamezaliwa ile ya awali ilipotoka. Kwao ni habari ya asubuhi hii.

Nimebakisha wahariri. Kijana anaweza kuyachuja mapitio yake neno kwa neno, kisha kichwa cha habari kikamsaliti. Kichwa huandikwa na mwingine, picha huchaguliwa na mwingine, na maelezo chini ya picha huandikwa saa ambayo gazeti linakwenda mitamboni. Wote hao hawajaicheza gemu, kwa hiyo hawajui ni kipi kinachouma. Nimeona mapitio ya uangalifu mkubwa yaliyopambwa kwa picha ya pambano la mwisho, adui na uso wake wote, kwa sababu ndiyo picha iliyokuwa na rangi nzuri. Mwandishi na alete picha zake mwenyewe, kutoka saa ya kwanza ya mchezo, na apendekeze kichwa. Mhariri akitaka kukibadilisha, ampigie simu kwanza.